Minneapolis kodi ya nyumba juu asilimia 15, ng'ambo ya mto St. Paul asilimia 3. Huu ni utani gani?

Wanajamvi mlioko Minnesota, naombeni mnielimishe, maana nikikaa na hasira hizi peke yangu nitapasuka.

Nimeletewa karatasi ya kuongeza mkataba. Kodi inatoka dola 1,300 kwenda 1,495. Jengo ni lilelile, lifti ni ileile inayokwama baridi ikizidi, na dirisha la jikoni nimeliziba mwenyewe kwa nailoni na gundi tangu Novemba. Chini ya kodi kuna mistari midogo: ada ya takataka, ada ya maegesho, na "ada ya huduma" ambayo hata dada wa ofisini kwao alishindwa kunieleza ni huduma ipi.

Mdogo wangu anakaa St. Paul. Treni yetu moja, Green Line. Kazi yetu moja ya kutunza wazee, mshahara uleule. Yeye kaongezewa kutoka 1,250 hadi 1,287 na senti hamsini, basi. Kwao kikomo ni asilimia 3 kwa mwaka, na mwenye nyumba akitaka kupita hapo lazima apeleke sababu zake jijini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata huku watu walipiga kura! Siku ileile, Novemba 2021. Wenzetu walipigia sheria yenyewe, kikomo kikiwa kimeandikwa. Huku wakapigia ruhusa tu, kwamba baraza la jiji linaweza kutunga sheria. Ujanja wote uko hapo. Sheria ya jimbo inakataza mji kudhibiti kodi bila wapiga kura kukubali, wapiga kura wakakubali, ruhusa ikawekwa kabatini. Juni 2023 suala likaletwa barazani siku ya Idd el-Hajj, madiwani watatu Waislamu wakiwa kwenye sikukuu yao, waliobaki wakalizika. Siku ya Idd, jamani. Hata aibu hawakuona.

Kwa haki niseme, Minneapolis imeweka kikomo cha depoziti, isizidi kodi ya mwezi mmoja. Ahsante sana. Ila depoziti natoa mara moja, kodi natoa kila tarehe moja.

Sasa kabla hamjaanza na "si uhamie St. Paul", nilishakwenda kutafuta. Kumbe ile asilimia 3 si ya kila mtu. Sheria ya mwanzo haikuacha jengo hata moja, jipya wala kuukuu. Wenye mitaji wakasusa, vibali vya ujenzi vikaporomoka, baraza likaogopa. Septemba 2022 wakatoa msamaha wa miaka 20 kwa majengo mapya. Mei 2025 wakasogea tena: lililojengwa baada ya 2004 haliguswi kabisa. Tena hata kwenye majengo ya zamani, mpangaji akitoka, mwenye nyumba anaruhusiwa kumpandishia anayeingia asilimia 8 na juu yake mfumuko wa bei. Anayefaidi ni aliyejikalia kimya chumba kilekile. Mimi nikihama leo naanzia juu.

Binamu yangu alijichanganya hapohapo. Kaingia jengo jipya karibu na kituo cha treni, anatembea kifua mbele kwamba yuko St. Paul analindwa. Mwaka ulipogeuka akaletewa nyongeza kama yangu. Kuuliza, akaambiwa jengo lako halimo.

Najua watakuja wale wa "udhibiti unaua ujenzi". Vibali vilishuka kweli, sibishi. Lakini huku kwetu hakuna kikomo, maghorofa yameota kila kona, na bado nimebandikwa asilimia 15. Hiyo nayo mnielezee, maana mimi mafuta ya gari na kilo ya mchele nanunua bei moja na mtu wa St. Paul.

Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kama kuna aliyewahi kukaa mezani na hizi kampuni zinazosimamia majengo wakampunguzia hata dola hamsini, aweke hapa alisema nini, kwa barua au kwa mdomo. Na wewe utakayeniambia nihamie ng'ambo, andika kabisa na jengo hilo lilijengwa mwaka gani.