Naomba ushauri: muvi ya upelelezi imemvunja moyo mzee wangu, Jumamosi nimwekee ipi?

Mtoto wa Chuno:
Wakuu, habari za usiku. Nipo Mtwara mjini, Chuno. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu na hadithi za upelelezi anazipenda tangu ujana. Amekua na Bwana Msa na kiko chake. Mzimu wa Watu wa Kale mpaka leo ipo kabatini, imevalishwa gazeti. Nilipoona trela ya Death on the Nile, ile ya 2022, nikajua hii ndiyo yake. Nikaunguza bando, nikaazima projekta, tukatundika shuka ukutani. Mama akakaanga korosho.

Jamani. Inaanza vitani, 1914, mpaka asili ya masharubu ya mpelelezi tunaelezwa. Zaidi ya saa nzima ni magauni, dansi na mto unaong'aa kupita kiasi, maiti hakuna. Mauaji yakishatokea, mbio tupu: mpelelezi anamkaripia huyu, anamgeukia yule, mara anatupa jibu. Mzee kila saa, "Rudisha nyuma hapo." Mwisho akavua miwani, akaniuliza, "Sasa mimi ningemjuaje?" Akaenda kulala. Imeniuma, maana alikuwa anaihesabia siku.

Ni sisi hatukuangalia vizuri? Na Jumamosi nimwekee ipi? Kiingereza anasoma vizuri, kusikia ndiyo tabu. Naomba muuaji asitajwe humu.

Binti Mikindani:
Pole sana, mpe mzee shikamoo yangu. Tafuta ya 1978, hadithi ni hiyohiyo, Poirot, yule mpelelezi, anaigizwa na Peter Ustinov. Walikwenda kupiga Misri kwenyewe. Hii mpya sehemu kubwa imepigwa studio Uingereza, ndiyo maana mto unang'aa hivyo. Na kwenye ile ya zamani mpelelezi anapomshuku mtu, unaonyeshwa jinsi ambavyo angeweza kuua. Unapata nafasi ya kupima.

Msafiri wa Masasi:
Dada, muuaji si ameshamjua? Atakaa kuangalia nini?

Mtoa mada, vidokezo vilikuwepo. Kuna kitu kidogo kinapotea melini, mtu anakitaja mara moja tu, basi. Kosa la muvi ni kwamba kikitajwa hupewi hata pumzi ya kukifikiria. Kwenye kitabu unafunga ukurasa, unawaza, unaendelea. Mzee aliposema rudisha nyuma alikuwa anaitafuta hiyo pumzi.

Mwalimu wa Newala:
Hapo umesema. Mimi naomba aangalie Murder on the Orient Express ya 1974, iliyoongozwa na Sidney Lumet. Treni imekwama kwenye theluji, mtu amechomwa visu 12, na abiria wanahojiwa mmoja mmoja, wamekaa, wanajibu. Mtu wa Bwana Msa hapo ndipo nyumbani. Uangalie usichukue ya 2017: jina ni hilohilo, ila mwongozaji ni Kenneth Branagh, yuleyule wa hiyo iliyowaudhi, na Poirot anaigiza mwenyewe.

Halafu fanya hivi. Poirot akianza kuwakusanya abiria wote, isimamishe. Kila mtu aandike jina la muuaji kwenye karatasi, akunje, ndipo muendelee. Uweke na maandishi ya chini, uyakuze.

Msafiri wa Masasi:
Naunga mkono. Na rimoti apewe mzee.

Mtoto wa Chuno:
Mrejesho, wakuu. Jana tumeiangalia, rimoti alishika yeye. Saa mbili na dakika chache za muvi tumezimaliza kwa karibu saa nne. Kwenye mahojiano alikuwa na daftari, anachora mabehewa na vyumba. Tuliposimamisha, mama aliandika haraka, mimi nikafuta mara tatu. Mzee aliandika, akakunja, akaweka chini ya kikombe cha chai.

Alichoandika sisemi, nitawaharibia. Ila karatasi yake ameiweka kabatini, ndani ya kitabu cha Bwana Msa, na asubuhi hii ameshaniuliza projekta inarudishwa lini.