Tupeane uzoefu: umemdhamini mtu mkopo kakimbia, na nyumbani LUKU inasoma sifuri

Ticha wa Moro:
Wakuu habari za jioni. Leo nimepita ofisi ya SACCOS yetu nikamkuta dada mmoja kwenye benchi ana fomu ya udhamini mapajani, mwenzie anamwonyesha kwa kidole pa kusaini. Aisee roho iliniuma, mwaka juzi nilikaa benchi hilohilo. Mwalimu mwenzangu, tuliyekuwa tunakula kande sahani moja pale staff, alikopa mil 6, wadhamini tukawa watatu. Akawa analipa vizuri tu, halafu ghafla kaacha kazi, simu haipatikani, alipopanga kahama usiku. Deni likabaki mil 4.2, tukagawiwa mil 1.4 kila mmoja. Wakaanza na akiba yangu laki 6 niliyokuwa nategemea kupigia lenta, yote ikaenda, na hiyo laki 8 iliyobaki nakatwa elfu 80 kwa mwezi kwa miezi 10. Kabla ya hapo, benki na bodi ya mikopo ya elimu ya juu wakishachukua chao, nilikuwa nashika laki 3 na 40. Sasa hivi ni laki 2 na 60, humohumo kodi elfu 70, gesi, nauli, watoto wawili wanasoma, mama yuko kijijini anasubiri hela ya dawa. Umeme nanunua wa elfu 2 elfu 2, ikifika saa 3 usiku tunazima kila kitu tunabaki na taa ya koridoni. Nimebakiza miezi 4. Nani mwingine yamemkuta, na mlitokaje?

Mzee wa Hesabu:
Mkuu mbona kama chai hii. Mtumishi wa umma lazima abaki na theluthi ya mshahara wake, hizo elfu 80 mwajiri alizipitishaje wakati tayari una benki na bodi wanakata asilimia 15?

Ticha wa Moro:
Mwajiri hahusiki. Wakati wa kujiunga tulisaini benki ikate mshahara ukishaingia kwenye akaunti. Salary slip yangu ukiiona hiyo elfu 80 haimo kabisa, ila nikifika kwa wakala kutoa hela nakuta pengo.

Mzee wa Hesabu:
Basi hapo nimekuelewa, samahani mkuu. Huo mlango wengi hawaujui.

Kijana wa Mbagala:
Dawa ni moja, badilisha laini, hama mkoa, wakutafute mpaka wachoke.

Bint Ilala:
@Kijana wa Mbagala acha kupotosha watu, huyu ni mwalimu, ahamie wapi na mshahara unapita palepale? Na akikimbia yeye, wanaobaki kubebeshwa ni wale wadhamini wawili wenzake.

Mama Pacha:
Nimesoma hapo kwenye umeme wa elfu 2 nikashindwa kujizuia, ngoja na mimi niseme maana sijawahi kumwambia mtu yote.

Mimi niko Mwanza, Buhongwa, nauza dagaa na nyanya. Tulikuwa kikundi cha wanawake watano, mkopo laki 5 kila mtu, rejesho elfu 27 kila Jumatano kwa wiki 24, mmoja akikwama wenzie mnamlipia, hiyo ndo dhamana yenyewe. Mwenyekiti wetu ndo aliyenifundisha biashara, ndo aliyenisimamia nikijifungua, sasa mtu kama huyo utamkataliaje? Wiki ya kumi kalipa, wiki ya kumi na moja hakuja kikao. Tukaenda kwake tukakuta mlango una kufuli, jirani anasema kaondoka na basi la alfajiri. Kaacha marejesho 14, yaani 378,000, tugawane wanne ni 94,500 kila mtu juu ya rejesho lako mwenyewe. Jumatano ile afisa alifunga mlango wa kikao akasema hatoki mtu hapa mpaka hela itimie, tulikaa toka saa 4 asubuhi mpaka saa 12 jioni, mwenzetu mmoja ananyonyesha, mtoto analetewa dirishani.

Nikachangia wiki mbili kwa kula mtaji, ya tatu dagaa zikalowa mvua sikuwa na kitu. Wakaja na Canter. Friji niliiandika mwenyewe kwenye fomu siku ile nakopa, sikuwa na la kubisha. Ndani ya friji kulikuwa na maziwa ya watoto na insulini ya mama mkwe, ana sukari miaka mingi. Kijana wa kubeba akanipa ile chupa ya insulini mkononi akasema mama shika hii, na yeye macho yamemjaa machozi. Nikabaki nimesimama uani na kichupa cha baridi kiganjani naona friji inapanda kwenye gari, barafu inachuruzika njia nzima mpaka getini. Usiku ule nilikiweka kwenye kimfuko nikakining'iniza ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, nesi alishawahi kunielekeza umeme ukikatika. Mama mkwe hakuniuliza chochote, akasema tu mwanangu njoo ule kwanza.

Bint Ilala:
Dah. Mama Pacha pole sana dada yangu.

Shemeji wa Tegeta:
Hapo kwenye Canter nimelia, sitanii.

Kijana wa Mbagala:
Pole mama, ila na nyie akina mama hii mikopo ya riba kubwa, kausha damu, mnaipenda wenyewe, unakopa laki 5 ya kuuza nyanya ya nini?

Bint Ilala:
We nyamaza. Ada, kodi ya fremu na mtaji wa dagaa vinatoka wapi, benki gani itampa mtu asiye na hati ya kiwanja?

Mzee wa Hesabu:
Tuache kulumbana, tumsaidie. Laki 5 ukarudisha 648,000 kwa wiki 24, hiyo ni zaidi ya asilimia 5 kwa mwezi. Ukomo wa BoT, yaani Benki Kuu, kwa hizi taasisi zisizopokea amana ni 3.5 kwa mwezi. Mama Pacha tafuta mkataba wako, kisha ulizia BoT kama wana leseni, una pa kulalamikia. Na kufungia watu ndani si utaratibu wa mkopo, hiyo ni kesi ya polisi. Kingine ambacho watu hatukijui, kwa Sheria ya Mikataba mdhamini anadaiwa sawa na mkopaji mwenyewe, ila ukimlipia, haki ya kumdai inahamia kwako. Ticha tunza risiti zote, yule mwalimu siku akionekana unamshtaki kwa jina lako.

Ticha wa Moro:
Risiti ninazo zote kwenye bahasha. Hilo la haki kuhamia kwangu ndo kwanza nalisikia, asante sana mkuu.

Wa Nakuru:
Huku kwetu Kenya SACCO inashikilia akiba zako mpaka yule umemdhamini amalize, na huwezi kujitoa bila kuleta mdhamini mwingine. Mimi nangoja wa tatu amalize, hata karo nimekopa kwingine na akiba yangu iko pale naitazama.

Shemeji wa Tegeta:
Mimi mume wangu alitaka kumdhamini kaka yake kwa hati ya nyumba yetu. Ofisini wakamwambia lete mke asaini, Sheria ya Ndoa hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Nikakataa. Wifi zangu hawajaniongelesha toka Pasaka. Baadaye nikasikia kuna watu wanakodi mwanamke akasaini kama mke, nikachukua hati nikaipeleka kwa mama yangu.

Kijana wa Mbagala:
Hapo umefanya la maana sana, sina neno.

Bodaboda Mstaafu:
Ushauri wangu ndugu akija na fomu mpe elfu 20 mkononi mwambie hii si mkopo, mmalizane hapohapo. Utanuniwa wiki moja tu.

Bint Ilala:
Na usiposaini siku ukiumwa nani atakuchangia? Mimi ningesaini kiasi ambacho hata nikikilipa mwenyewe watoto hawalali njaa, basi.

Mzee wa Igoma:
Mama Pacha, insulini ya bibi sasa hivi inakaa wapi?

Mama Pacha:
Kwa jirani mwenye duka, kwenye friji la soda. Saa 12 asubuhi namtuma Kulwa akaichukue, bibi akishachoma Doto anairudisha. Akifunga duka mapema jioni tunarudi kwenye mtungi.

Mzee wa Igoma:
Nina friji dogo limekaa stoo tangu marehemu mke wangu aondoke. Mlango haubani vizuri tulikuwa tunaufunga na mpira wa baiskeli, ila linapoza. Nicheki PM nikuelekeze, Jumamosi uje na mtu wa bajaji.

Mama Pacha:
Baba naja.