Nimebadilisha sponji za masikioni za hedifoni ya HD 650, sasa besi imejaa na waimbaji wamerudi nyuma. Nifanyeje?

MpigaKinanda_Buzuruga

Wakuu, habari za jioni.

Narekodi na kumiksi kwaya, chumba changu kipo hapa Buzuruga, Mwanza. Miksi zote nafanyia kwenye Sennheiser HD 650 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, mwaka wa nne sasa. Sponji zake za mahameli zilikuwa zimelala kabisa, nikivaa sikio linagusa ndani. Na joto la huku mnalijua, ukikaa nayo saa mbili jasho linatiririka mpaka shingoni.

Mwezi uliopita nikaagiza sponji za ngozi, nene, pamoja na waya mpya uliosukwa. Hadi mzigo unashuka stendi ya Nyegezi nilikuwa nimetumia shilingi 210,000. Siku ya kwanza nilifurahi sana, ngoma zilikuwa zinagonga kifuani. Nikamaliza nyimbo mbili za kwaya moja ya Igoma. Jumapili mwalimu wao akazipiga kwenye spika za kanisani, jioni akanipigia: "Mwanangu, besi umeipeleka wapi? Na soprano zinachoma masikio."

Nimesikiliza tena kwenye hedifoni, kila kitu kipo. Tatizo ni sponji, ni waya, au ni masikio yangu?

DadaWaMiksi

Pole kaka. Masikio yako ni mazima. Ulisikia besi nyingi kuliko iliyopo, ukaipunguza. Ukasikia waimbaji wako mbali, ukawavuta mbele. Spika za kanisani zimetoa ulichokiweka.

HD 650 iko wazi kwa nyuma, na ilipotoka mwaka 2003 ilitoka na sponji za mahameli. Sauti yake imepangwa pamoja na kile kitambaa. Mahameli hupitisha hewa kidogo, na sauti kali zinazorukaruka ndani huzimeza. Ngozi isiyo na matundu inaziba hewa, kwa hiyo besi iliyokuwa ikivujia pembeni inabaki sikioni, na zile sauti kali zinagonga ukutani zinarudi. Halafu umesema ni nene: spika ndogo ya ndani ya hedifoni imesogea mbali na sikio, na hapo sauti ya mtu ndiyo huwa ya kwanza kubadilika. Mimi niliwahi kujaribu za ngozi kwenye hii hii, alto wakawa kama wanaimba ndani ya mtungi. Nilizitoa siku hiyo hiyo.

Ila sikiliza na hili, maana litakusumbua baadaye. Zile ulizotoa nazo zilikuwa zinakudanganya. Sponji ikilala, spika inasogea karibu na sikio na sauti inabadilika polepole, wewe unaizoea bila kujua. Ukiweka mpya za mahameli zenyewe, wiki ya kwanza utaziona ngeni. Usiguse kazi ya mtu wiki hiyo. Sikiliza nyimbo unazozijua nje ndani.

Swali: ulipotoa za zamani, ile sponji nyembamba nyeusi iliyolala juu ya spika iko wapi?

Waya_na_Soda

Mkuu, nijibu la waya. Waya mzima ukiubadilisha kwa waya mwingine mzima, sauti inabaki ile ile. Unanunua urefu, wepesi, au kwa sababu wa zamani umekatika ndani. Ningekuwa wewe hela hiyo ningeiweka kwenye amplifaya, HD 650 ina ukinzani mkubwa wa umeme, omu 300, na simu nyingi haziisukumi vizuri.

Lakini kagua jinsi ulivyochomeka. Kila upande una pini mbili, moja nene na moja nyembamba, na haziingii kinyume mpaka ulazimishe. Piga wimbo wenye mwimbaji mmoja wa katikati. Akisimama katikati ya kichwa, uko salama. Akitawanyika na besi ikakauka, upande mmoja umegeuzwa. Kwa kuwa besi yako imezidi, sidhani kama ni hilo.

KijanaWaIgogo

Jamani, ngozi msiifukuze moja kwa moja. Mimi nina hedifoni ya DT 770 Pro, iliyozibwa nyuma, sponji zilichanika. Nikampelekea fundi anayeshona siti za bodaboda pale Mlango Mmoja, akapima kwa kamba, akakata, akashona kwa mkono uzi mweusi. Elfu kumi na tano. Besi iliongezeka na kelele za nje zikapungua. Kwa kusikiliza muziki jioni naipenda sana, kumiksi sijui.

Nimegundua kitu kimoja: nikivaa miwani besi inapungua, mkono wa miwani unaacha upenyo. Nikiminya vikombe kwa viganja inarudi.

DadaWaMiksi

@KijanaWaIgogo huo ndio mtihani mzuri kuliko yote. Minya taratibu: besi ikipanda ghafla, ujue palikuwa panavuja. Na kwa kusikiliza tu, kila mtu avae anachokipenda. Mwenzetu ana kazi za watu.

MpigaKinanda_Buzuruga

Nimerudi baada ya wiki tatu.

Dada, ile sponji nyembamba niliikuta kwenye mfuko wa taka. Niliitoa nikidhani ni uchafu, imekauka, ukiiminya inatoa unga. Nimeagiza seti ya mahameli pamoja na sponji nyembamba mpya. Kabla ya kufunga nilimulika tochi nikakuta unywele mmoja umelala kwenye utando wa spika ya kulia. Nikautoa kwa brashi ya rangi, ile ndogo kabisa. Kumbe ule mkwaruzo niliokuwa nausikia kwenye noti za chini za kinanda haukuwa kwenye rekodi!

Waya nimeuacha ule mpya, ni mwepesi na haunivuti shingo. Mwimbaji anasimama katikati.

Siku nne sikumiksi chochote, nilisikiliza tu. Kweli zilikuwa ngeni. Siku ya tano nikafungua zile nyimbo mbili na nikaona aibu jinsi nilivyokuwa nimeikata besi. Nimezirudia bila malipo. Jana jioni tulizipiga kanisani na mwalimu, akasimama mlango wa nyuma, halafu akaniita nisimame pale pale alipo. Besi imerudi, soprano hawachomi tena.

Za ngozi ninazo kwenye boksi. Ningempa kijana wa Igogo, ila hizi ni za yai na kikombe chake ni duara. Mwenye HD 600 au 650 ya kusikilizia muziki nyumbani aje azichukue.