Mkataba wa gari la Motability unaisha Mei: tulinunue au tulirudishe?

Mama Imu, Leicester

Asalaam aleikum wanajamvi, na wengine wote habari za kutwa. Naombeni ushauri kwa mnaoijua Motability ya hapa Uingereza, ule mpango wa wenye ulemavu kukodi gari kwa posho yao.

Kijana wangu ana miaka 15 na anapata DLA (posho ya serikali kwa mtoto mwenye ulemavu), sehemu ya usafiri yaani mobility, kiwango cha juu. Kwa jina lake tulichukua Kia Sportage ya petroli, na miaka mitatu inaisha Mei. Imetembea maili 27,000 na ushei, haijawahi kutulaza njiani. Halafu mtoto ameizoea. Ana usonji, na gari geni kwake ni ugomvi wa wiki nzima mpaka akubali kupanda.

Niliwapigia kuuliza kama naweza kulinunua, wakanitajia £15,800. Baba yake anasema tukope tumalize. Mimi mkopo wa riba sitaki, na akiba niliyonayo haifiki £6,000. Dada yangu wa Milton Keynes naye ananicheka, eti nani ananunua gari wakati serikali inampa jipya? Nifanye lipi?

Jembe la Coventry

Mama Imu, mwambie dada serikali haimpi mtu gari. Ni hela ya mtoto hiyo. Mwaka wa 2025/26 ilikuwa £77.05 kwa wiki, na DWP (idara ya serikali inayolipa posho) wanaipeleka moja kwa moja Motability, mfumo uliopo tangu 1977. Ukirudisha gari au ukilinunua bila kuchukua lingine, hela inarudi kwenye akaunti yenu, kwa kiwango hicho £308.20 kila wiki nne. Anza hesabu zako hapo.

Ila usifurahi mapema. Ndani ya hiyo £77.05 kulikuwa na bima, servisi, tairi, matengenezo na kuvutwa na RAC ukikwama. Siku ukishalinunua, vyote hivyo ni vyako. Watu wanalinganisha bei ya gari na bei ya gari wakasahau haya.

Kuhusu £15,800: huu ni ukodishaji mtupu, si PCP, ule mkopo wa gari ambao bei ya mwisho inaandikwa siku ya kwanza. Wanapiga bei kwa soko la siku hiyo. Ingia Auto Trader, mtandao wa matangazo ya magari, tafuta Sportage ya mwaka huohuo, maili zilezile na toleo lilelile. Magari yanayorudishwa Motability wanayauza kwa wenye yadi mtandaoni, na mwenye yadi anaongeza faida yake. Kwa hiyo bei yako inatakiwa iwe chini ya ile ya yadi. Ikiwa sawasawa, hujapewa chochote.

Fundi wa Reading

Naongelea chuma tu, mengine siyajui.

Kia wanatoa waranti ya miaka saba au maili 100,000, na inabaki na gari hata likibadilisha mwenyewe. Una miaka minne mbele. Ingekuwa gari la waranti ya miaka mitatu ningekwambia rudisha usigeuke nyuma. Sharti lake ni servisi zifanyike kwa wakati na ziwe kwenye rekodi, kwa hiyo kama kuna servisi inayodaiwa, ifanyike kabla ya Mei, mkataba ukiwa hai. Tairi pia. Kisheria isishuke chini ya milimita 1.6, kama zimekaribia kuisha peleka zikaangaliwe sasa hivi. Tairi nne za Sportage si hela ya mboga.

Na MOT (ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari) ya kwanza inaangukia miaka mitatu, yaani mwezi huohuo wa mkataba kuisha. Haizidi £54.85, lakini usilipe pauni moja ya kununua kabla hujaona karatasi ya MOT inasema nini.

Msafiri254

Nunua dada! Kaa nayo miaka miwili mitatu halafu unaipeleka Mombasa. Kenya gari linaingia mradi halijapita miaka minane, na la Uingereza usukani uko kulia tayari. Unapata faida juu.

Jembe la Coventry

Msafiri, faida ipi? KRA, watoza ushuru wa Kenya, hawaangalii bei uliyonunulia, wana orodha yao ya bei na ushuru wanaupiga huko. Mama wa watu anauliza habari ya mtoto wake, wewe uko Kilindini.

Mama wa Watatu, Northampton

Jamani mnahesabu tairi na swali kubwa halijaulizwa. Mama Imu, kijana anatimiza 16 lini?

Mama Imu, Leicester

Septemba, dada.

Mama wa Watatu, Northampton

Basi hapo ndipo penyewe. Akifika 16 DWP watamtaka aombe PIP (posho ya ulemavu ya wakubwa), DLA ya watoto inaishia hapo. Ukiomba ndani ya muda waliokupa, DLA inaendelea kulipwa mpaka uamuzi utoke, kwa hilo usiwe na hofu. Ila kuchukua gari jipya Motability wanataka awadi, yaani muda aliopewa wa posho, iwe na angalau miezi 12 iliyobaki. Toa barua yake kabatini uangalie inaishia tarehe ngapi. Kama imeandikwa siku ya kutimiza miaka 16, mwezi Mei utakuwa na miezi minne tu, na maneno ya dada yako ya gari jipya hayana pa kusimama.

Tuseme umelipata. PIP ikija na mobility ya kawaida badala ya ya juu, gari la kukodi linarudi. Lililo lako halirudi. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti ya kununua na kutonunua, hizo nyingine ni pesa na pesa hutafutwa.

Fomu ya PIP uijaze ukijua hili: mobility haipimwi kwa miguu pekee. Kuna kipengele cha kupanga safari na kufuata njia. Mtu asiyeweza kufuata hata njia anayoijua bila mwenzake anapata pointi 12, na 12 ndiyo kiwango cha juu. Wazazi wengi wa watoto wenye usonji wanaandika "anatembea vizuri" wakadhani wamesema ukweli wote. Andika nani anamshika mkono barabarani, na inakuwaje basi likibadilishiwa njia.

Wapigie pia Motability uulize kama mkataba unaweza kusogezwa mbele huku mkisubiri PIP. Mtaje mtoto anaingia 16, wanaoulizia hilo si wewe wa kwanza.

Mama Imu, Leicester

Allah awalipe. Barua nimeitoa, ni kweli imeandikwa Septemba. Nilikuwa nahesabu bei tu. Sasa nikinunua, kodi ya barabara tutaendelea kusamehewa? Na bima je? Sijawahi kukata bima yangu mwenyewe nchi hii.

Jembe la Coventry

Kodi haihamii kwa mmiliki mpya, hiyo waliyoishughulikia Motability inaishia kwao. Utaomba msamaha upya DVLA, ofisi ya usajili wa magari, kwa cheti cha mtoto kutoka DWP. Gari liandikwe jina lake au la dereva aliyeteuliwa, gari moja tu, na litumike kwa mahitaji ya mtoto. Hapo wengi wanateleza. Kama baba Imu anataka kulitumia kwendea kazini kwake, msamaha haumhusu, alipe kodi ya mwaka kama sisi wengine (£195 mwaka 2025/26) alale usingizi. PIP ikishuka kuwa mobility ya kawaida, msamaha kamili unaondoka, linabaki punguzo la nusu.

Bima: waombe barua inayoonyesha miaka mitatu umeendesha bila kudai. Baadhi ya kampuni wanaikubali kama no-claims (punguzo la asiyedai bima) na baadhi hawataki kuisikia, kwa hiyo uliza kabla hujajaza fomu. Ukipata kampuni inayoikubali bei inashuka sana. Chukua nukuu wiki hii, kabla hujaamua, maana bima ndiyo itakayokwambia kama £308 zinatosha.

Mama wa Watatu, Northampton

Hilo la riba nimeliona halijajibiwa. Sisi hapa tunacheza upatu, watu kumi, na wawili wamenunulia magari. Zamu za mwanzo wapewe wenye shida, ndivyo tulivyokubaliana. Kama mnapata Universal Credit, ile posho ya wenye kipato kidogo, lakini uwe macho: akiba ikipita £6,000 wanaanza kukata, ikifika zaidi ya £16,000 inasimama kabisa. Gari lenyewe la kutembelea hawalihesabu kama akiba. Zamu yako ikifika usiilaze benki.

Msafiri254

Na mseme ukweli, gari jipya litakuwa ghali zaidi. Bajeti ya Novemba 2025 imesema kuanzia Julai 2026 ile hela ya mbele, unayoongeza mwenyewe ukitaka gari la bei juu, itawekewa VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Nilivyoelewa magari ya viti vya magurudumu yameachwa.

Jembe la Coventry

Leo umeongea, Msafiri.

Mama Imu, Leicester

Nimezungumza na baba yake. Kesho napiga simu kuomba mkataba usogezwe, na bima naanza kutafuta nukuu jioni hii. Kwenye Auto Trader zinazofanana na yetu zinaanzia £16,900, kwa hiyo bei yao naona si mbaya. Upatu nimeongea na shoga zangu wawili, wako tayari. Fundi, hilo gari nani anaweza kuliangalia huku kwetu kabla ya Mei?

Fundi wa Reading

Nina harusi Leicester Jumamosi ijayo. Niandikie faragha nikupe namba, nitapita asubuhi kabla ya kuvaa kanzu. Uwe na rekodi za servisi na funguo zote mbili. Ile ya pili ndiyo watu wanaipoteza, na ya Sportage kutengeneza ni mamia ya pauni.