MREJESHO: Kengele ya kuvaa ya baba mdogo, mlinzi wa usiku

Wakuu nimerudi. Niliuliza hapa kuhusu kifaa ninachomtengenezea baba mdogo, analinda godauni usiku peke yake, kila kikitaka kutuma meseji kinajizima na kuwaka upya. Mliosema tatizo ni umeme mlikuwa sahihi kabisa, ile SIM800L (kile kisehemu cha laini ya simu kinachotuma meseji) ikiwa inatafuta mtandao au inatuma meseji inavuta mpaka ampea 2 kwa mpigo mmoja, na mimi nilikuwa naipitishia kwenye waya mwembamba kama uzi. Nimeiunga moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu kwa waya mnene mfupi, nikaweka kapasita (kinachotunza umeme kidogo na kuutoa haraka ukihitajika) ya 1000 µF pembeni yake kabisa, toka hapo haijazima hata mara moja.

Kitufe nacho nimebadilisha, sasa lazima akibonyeze sekunde 3 kisha kinatetema mkononi ajue meseji inaenda, maana mwanzo akiegemea tu geti sote nyumbani tunaamka moyo mkononi. Jumamosi alijaribu akiwa nyuma ya godauni, simu ya mama mdogo ikalia, akakaa kitandani akashusha pumzi. Bado kuzuia maji, mvua zinakuja, naombeni ushauri wa kasha.