Naomba ushauri: besi inavuma chumbani
Ndugu wajuzi wa sauti, wakubwa shikamooni. Chumba changu cha kusikilizia muziki hapa Moshi ni cha mita 4 kwa 4, kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae. Kwa hesabu yangu, mawimbi ya sauti ya takriban hezi 43 (mitetemo 43 kwa sekunde) yanajirudia kwa urefu na kwa upana pia, ndiyo maana gitaa la besi huvuma nikikaa ukutani na karibu hutoweka nikikaa katikati. Nimesogeza spika mbali na kona, nikatundika mapazia mazito. Sauti kali zimetulia, lakini mvumo haujapungua hata kidogo, na unaninyima raha kabisa. Je, nikijaza sufi kwenye fremu za mbao konani, unene gani utatosha? Na kiti kikae umbali gani kutoka ukutani?