Michezo ya redio ya kauboi: nianze na Lone Ranger, Matt Dillon, Britt Ponset au Paladin?

MpendaMawimbi
Wakuu, habari za jioni. Picha za kauboi nimetazama mpaka basi, sasa nataka kuhamia kwenye michezo ya redio ya Marekani ya zamani, ile ambayo siku hizi inapatikana bure mtandaoni. Nasikiliza usiku nikishapanda kitandani, na sitaki kudokoadokoa. Nataka mmoja nikae nao mwezi mzima. Sharti langu: steringi awe na bastola lakini awe muungwana. Nimebaki na minne: The Lone Ranger, Gunsmoke (wa Matt Dillon), The Six Shooter (wa Britt Ponset) na Have Gun – Will Travel (wa Paladin). Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nianze na upi?

KamandaTabora
Lone Ranger, hakuna mjadala. Huyo ndiye baba yao wote. Alianza 1933 katika kituo cha WXYZ cha Detroit, akarushwa mpaka 1954, mara tatu kwa wiki. Umetaka muungwana? Huyu haui. Analenga mkono wa adui, bastola inadondoka, mchezo umeisha. Hata risasi zake ni za fedha, ili kila akitaka kufyatua akumbuke thamani ya uhai. Na Kiingereza chake kimenyooka, kwa sababu mwenye kituo, George Trendle, na mtunzi Fran Striker walimkataza lugha ya vichochoroni. Wewe wa kuombea maji utamwelewa vizuri.

Kuna jambo moja litakusisimua. Aprili 1941 Earle Graser, mwenye sauti ya Ranger, alikufa kwa ajali ya gari. Sasa utambadilishaje steringi ambaye nchi nzima inaijua sauti yake tu? Wakatunga kwamba Ranger amejeruhiwa vibaya. Vipindi kadhaa ananong'ona tu, Tonto, rafiki yake Mhindi Mwekundu, ndiye anayebeba kazi. Alipopona akarudi na sauti ya Brace Beemer, nzito kuliko ile ya kwanza, na maisha yakaendelea.

BiMkubwaNgamiani
Mwanangu Kamanda, hiyo ya kunong'ona nakupa, walicheza kweli. Lakini uungwana usiojaribiwa ni uungwana gani? Ranger haui kwa sababu mtunzi kamhakikishia kuwa kila risasi itapata mkono. Siku moja tu ingepata tumbo tungejua yeye ni nani.

Halafu Tonto. Anamwokoa mwenzake mara ngapi, na bado kila akifungua mdomo anatolewa na Kiingereza cha kukatikakatika, huku bwana wake anaongea kama kitabu. Aliyemtia sauti, John Todd, alikuwa Mzungu. Miaka ishirini ya urafiki na hajafundishwa kuunga sentensi?

Wewe uliyeuliza, sikiliza The Six Shooter. Ni James Stewart huyuhuyu wa sinema, redio ya NBC, kuanzia Septemba 1953 mpaka Juni 1954. Vipindi 39 tu. Kimoja kila usiku, mwezi wako umeenea na siku kidogo juu. Britt Ponset ni mtu wa kupitapita, leo mji huu kesho ranchi ile, na sifa ya bastola yake inamtangulia kila aendako. Yeye mwenyewe sifa hiyo inamchosha. Kuna vipindi unafika mwisho hajafyatua hata risasi moja. Kile cha Krismasi anakutana na mtoto aliyetoroka kwao, anakaa naye na kumsimulia hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens, ila kaihamishia kwa wafuga ng'ombe. Ndiyo kazi yote aliyofanya usiku ule, kumsimulia mtoto hadithi. Huo ndio uungwana ninaoujua mimi.

MpendaMawimbi
Shikamoo bibi. Ila Stewart si ndiye yule wa kuvuta maneno kama anatafuna muwa? Nitamwelewa kweli?

BiMkubwaNgamiani
Marahaba. Anavuta, ndiyo, na huko kuvuta ndiko kunakokupa nafasi ya kumfuata. Usimwogope.

FundiMitambo
Nimefanya kazi ya kurekodi sauti, kwa hiyo nakiri nina upendeleo. Kwangu Gunsmoke haina mpinzani. Redio ya CBS, Aprili 1952 hadi Juni 1961, wakubwa wakiwa Norman Macdonnell kwenye uongozaji na John Meston kwenye utunzi. William Conrad ndiye Matt Dillon, mashali, yaani mlinzi wa sheria wa serikali kuu, pale Dodge City, Kansas.

Vaa hedifoni uzime taa. Dillon akitoka ofisini huambiwi kuwa ametoka. Unasikia buti kwenye ubao wa baraza, spasi, vile vyuma vya kisigino vya kumchochea farasi, zinalia kila hatua, halafu ubao unakwisha na hatua zinakuwa za vumbi. Mbali huko mbwa anabweka. Mazungumzo yamekatika kabisa na hakuna anayeona haraka ya kuyaanzisha. Watu wa milio, Ray Kemper, Tom Hanley na Bill James, walikuwa na uhuru wa kuacha ukimya ambao mkurugenzi wa redio ya leo angeujaza na tangazo la sabuni.

Kuhusu uungwana: Dillon anaua, tena mara nyingi, na hafurahii. Tafuta kipindi kinachoitwa The Cabin, cha Desemba 1952. Dhoruba ya theluji imemkimbizia kwenye kibanda, ndani mna majambazi wawili na binti wa watu wanayemtesa. Anawamaliza. Kwenye picha zetu hapo muziki ungepanda, binti angemkumbatia. Hapa anamwambia binti asiache yaliyompata yamjaze uchungu, duniani wako wanaume wema. Jibu la yule binti ni baridi kuliko theluji ya nje, na Dillon hana la kuongeza. Anapanda farasi anaondoka. Ameshinda kwa bunduki, lakini cha muhimu kimeshindikana. Watunzi wengi hawathubutu kumwacha steringi hapo.

KamandaTabora
Sasa huo si mchezo, huo ni msiba. Mtu anataka kulala, wewe unampa The Cabin?

FundiMitambo
Aliomba muungwana, hakuomba usingizi.

MtuWaNakuru
Sasa wadau, mbona Paladin hatetewi? Have Gun – Will Travel ni kioja chenyewe kihistoria, kwa sababu ulianza kwenye televisheni 1957 ndipo ukashuka redioni Novemba 1958, wakati wenzake wengi walikuwa wakipanda kutoka redio kwenda televisheni. John Dehner ndiye Paladin redioni, vipindi 106 hadi Novemba 1960. Anaishi hoteli ya kifahari San Francisco, anavaa vizuri, anakula vizuri, ananukuu washairi. Akipewa kazi anavaa nyeusi na kutoa kadi yenye farasi wa sataranji. Akigundua kuwa aliyemkodi ndiye mwovu, anamgeuka. Hapo ndipo napompendea.

Na ukimpenda Dehner, msikilize pia kwenye Frontier Gentleman ya 1958. Humo ni J. B. Kendall, mwandishi wa gazeti la Times la London anayezunguka Magharibi akiandika habari. Sauti ni ileile, lakini mtu ni mwingine kabisa.

BiMkubwaNgamiani
Paladin anatoza dola 1,000. Muungwana wa kukodi huyo. Na yule mtumishi wa hotelini, Mchina wanayemwita Hey Boy? Mtu mzima haitwi hata kwa jina lake, na sauti ni ya Ben Wright, Mwingereza. Haya ni yaleyale ya Tonto.

MtuWaNakuru
Kwa Hey Boy sina utetezi, bibi. Kwa pesa ninao: Dillon naye analipwa mshahara. Tofauti ni kwamba Paladin anaweza kukataa kazi.

FundiMitambo
Na Dillon hawezi, ndiyo maana ananigusa zaidi. Mtu anayemchukia atamlinda, anayempenda atamfunga. Tena Meston hakuwa mtu wa kumfanya kila Mhindi Mwekundu adui. Mara nyingi uchafu anaupeleka kwa Wazungu wenyewe wa Dodge.

MpendaMawimbi
Nashukuru wote. Nimeamua: naanza na Six Shooter kwa sababu unaisha, halafu Gunsmoke. Kamanda usinune, Ranger nitampa mwanangu wa darasa la sita. Swali la mwisho: nusu saa inakula bando kiasi gani?

FundiMitambo
Kwa faili la kbps 32 (hicho ni kipimo cha ubora wa sauti) ni kama MB 7, kwa 64 ni kama 14. Pakua za 64. Za 32 maneno utayasikia, lakini zile spasi zinageuka chenji mfukoni. Na Gunsmoke usianzie televisheni. Ile ya James Arness, 1955 hadi 1975, ni nzuri kwa namna yake, ila ukishaiona sura yake itakuganda na Conrad hatapata nafasi.

KamandaTabora
Darasa la sita atampenda Ranger. Mfungulie kuanzia vile vya 1941, asikose kunong'ona.